Seli za Mzwanele

Kaka yangu Mzwanele alitema nyama nyuma ya zizi, siku ambayo mwanawe wa kwanza alirudi kutoka jandoni. Uani kwetu Gcuwa watu walikuwa wamejaa, wanaume upande wa zizi, wanawake upande wa masufuria, na kopo la pombe likipita mkono kwa mkono. Mimi nilikuwa nimeenda kuchukua kuni. Nikamkuta ameinama, mkono mmoja ameegemeza kwenye ukuta wa mawe, anatoa mdomoni pande la nyama alilolitafuna mpaka likawa jeupe kama pamba. Akaliangusha chini, akalifukia kwa kiatu.

"Unafukia nini kama paka?" nikamuuliza.

"Nyama ya ng'ombe huyu ni ngumu," akasema. "Niliwaambia wachinje yule mwekundu. Hawasikii."

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Tangu lini humezi."

Akacheka. Alikuwa fundi wa pampu za visima, mtu mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na kicheko chake kilijulikana mpaka Tsomo. Safari hii kilikatika katikati. Alimeza mate, akafumba macho, akasubiri yashuke.

"Tangu wakati wa baridi," akasema. "Ilianza na mkate. Sasa nyama nayo. Uji unapita vizuri tu. Usimwambie MaDlomo, MamBhele, nakuomba."

MaDlomo ni mke wake, wifi yangu. Tulimwita hivyo kwa ukoo wa kwao, kama mimi Bulelwa walivyoniita MamBhele kwa ukoo wetu.

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Saratani ya umio imezika watu wengi pande zetu, na kazi yangu kule Johannesburg ni hiyo hiyo: nasaidia kuitafutia dawa. Nilisimama pale na kuni mikononi, na kitu pekee kilichonijia kichwani ni hospitali gani ina kamera ya kushusha kooni na foleni yake ikoje. Kisha nikapeleka kuni jikoni, maana walikuwa wakizisubiri.

Alikuja kwangu Johannesburg wiki zilizofuata, akalala kwenye kochi langu huku miguu ikining'inia. Walimshushia kamera. Daktari, kijana mwenye macho ya usingizi, alituonyesha picha: njia ya chakula ilikuwa imebaki tundu la kupitisha penseli. Kwenye ini nako kulikuwa na madoa. Alisema hawatamfanyia upasuaji. Watamwekea bomba la wavu ili aweze kula vitu laini, na atapewa dawa za maumivu.

"Na kuna jambo jingine," daktari akasema. "Tunakata kipande kidogo kwa vipimo. Kuna watafiti wa chuo wanaomba nao wapewe. Unaweza kukataa."

"Watafiti gani?"

"Wa maabara ya ng'ambo ya barabara."

Mzwanele akanigeukia. "Si kwako huko?"

"Ndiyo."

"Basi daktari, kata kikubwa. Huyu tangu utotoni hatosheki na kipande kidogo."

Daktari hakujua kama anaruhusiwa kucheka. Mimi nilikuwa natazama zile picha ukutani, nikiona jinsi zilivyopigwa vizuri.

Jioni hiyo, mezani kwangu, akiwa na bakuli la maziwa ya mgando mbele yake, aliniambia nimweleze kazi yangu kwa lugha ya binadamu. Nikamweleza. Tunatengeneza chembe ndogo kiasi kwamba maelfu yake yangepangana kwenye unene wa unywele. Ndani tunaweka sumu ya kuua saratani. Nje tunazivika peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, ambavyo kazi yake ni kutambua seli ya saratani na kushikana nayo, ili sumu iingie humo na isiguse seli zenye afya.

"Kwa hiyo ni pikapu iliyobeba sumu," akasema, "na dereva kapewa anwani moja tu."

"Ndiyo hivyo."

"Sasa mnangoja nini?"

"Njiani kuna polisi. Ini na wengu. Wanazisimamisha nyingi kabla hazijafika."

"Hawapokei kitu kidogo?"

"Hawapokei. Wanachukua gari zima."

Akacheka mpaka maziwa yakampalia, nikampigapiga mgongoni. Alipotulia akaniuliza panya wetu wanakula nini. Nikasema chengachenga za nafaka. Akasema basi hana neno, yeye atahamia huko kesho, tumwandalie tundu refu kidogo kwa ajili ya miguu.

MaDlomo alikuja kwa basi kumchukua. Hakuketi. Alianza kuosha vyombo vyangu ambavyo vilikuwa tayari safi, na Mzwanele alipoenda kuoga aliniuliza bila kugeuka.

"Wifi, hiyo dawa iko wapi sasa hivi?"

"Kazini. Kwenye friji."

"Friji ina kufuli?"

"Inalo."

"Na ufunguo nani anao?"

"Ninao."

Aliendelea kufuta kikombe. "Basi tunajadili nini?"

Nikamwambia ukweli wote niliokuwa nao. Kwa panya uvimbe ulipungua, ndiyo. Lakini miongoni mwa panya hao hao wengine walikufa ini limevimba, na bado hatukujua kwa nini wale na si hawa. Kipimo cha mtu mzima hakuna anayekijua. Mzwanele ini lake lilikuwa tayari limeshambuliwa.

"Nitamuua," nikasema.

"Anakufa."

"Nitamuua mimi, wifi. Kwa mkono wangu."

"Afadhali wewe na sindano kuliko mimi na kijiko." Akaweka kikombe chini. "Mimi ndiye ninayemlisha. Wewe utabaki huku na panya wako."

Siku iliyofuata nilimweleza mkuu wa maabara yetu, Profesa Naicker, mwanamke mfupi anayevaa raba na sari. Alifunga mlango.

"Bulelwa, jibu unalijua."

"Nalijua. Nilitaka kulisikia kwa mtu mwingine."

"Hapana," akasema. "Hapana. Umelisikia."

Kaka na mkewe wakaondoka. Kituoni wifi alinipa mkono kama unavyompa mkono mtu wa ofisini. Mzwanele aliinama dirishani akaniambia nisimsikilize sana mkewe, ila panya wakipona wote nisimsahau.

Alifariki mwezi Septemba, mvua za kwanza zilipoanza, kitandani mwake. Nilifika nikawakuta wanachimba kaburi. Nilikabidhiwa kisu na gunia la viazi, nikamenya. Nikamaliza gunia, nikaomba jingine. Wanawake waliokuwa wakiimba walipita wakinitazama, na shangazi mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyu wa Johannesburg hana machozi?" Mwingine akajibu, "Wasomi wanalilia kwenye kompyuta." Wakacheka kidogo, bila ubaya. Nilijua wanatania na nilijua pia wamekerwa. Nikamenya.

Nilipoingia chumbani kumpa pole wifi yangu, alikuwa amekaa kwenye godoro sakafuni, amejifunika blanketi. Aliniona mlangoni. Akageuza uso ukutani, na akabaki hivyo mpaka nikatoka.

Seli za wagonjwa kwa kawaida hazikai. Unaweka kipande cha uvimbe kwenye chupa bapa, unakipa chakula chake, maji ya rangi ya waridi, unakifungia kwenye kabati lenye joto la mwili wa mtu, na baada ya muda mfupi unakuta uchafu unaoelea. Za Mzwanele zilishika. Kealeboga, fundi wa maabara yetu, ndiye aliyezitunza nilipokuwa msibani. Niliporudi alinikumbatia, kisha akasimama mbele ya kabati kama mtu anayezuia mlango.

"Zimeota," akasema. "Chupa imejaa. Nilitaka ujue kabla hujafungua."

"Sawa."

"Naweza kuendelea nazo mimi. Kweli kabisa, sioni taabu."

"Una kazi zako."

"Bulelwa."

"Nipe glavu."

Nikaziweka chini ya hadubini. Zilikuwa zimebanana, zenye kingo kali, nyingine zikigawanyika mbili mbele ya macho yangu. Nikangoja kidogo nione kama nitalia. Kisha nikazibadilishia chakula, nikaandika tarehe kwenye chupa.

Ziliota kwa kasi mno. Ilinibidi nizigawe mara kwa mara kwenye chupa mpya, na nyingine nikazigandisha kwenye pipa la naitrojeni. Nilijua kwamba nakilisha kitu kile kile kilichomuua kaka yangu. Nililijua hilo jinsi mtu anavyojua jina la mji mkuu wa nchi ya mbali. Watu waliniuliza unaendeleaje, nikasema vizuri, na kusema kweli nilikuwa nakula, nalala, nalipa kodi ya nyumba, nachana nywele. Siku moja niliungua mkono kwa jiko la umeme na nikagundua kwa harufu.

Mwezi Februari tulijaribu chembe zetu juu ya seli zake. Tulizitia rangi ya kijani inayong'aa gizani ili tuzione zinakwenda wapi. Kisahani kimoja kilipata chembe zilizovishwa peptidi, kingine kilipata chembe tupu. Kwenye kile cha pili hapakutokea la maana. Kwenye kile cha kwanza kijani kilizunguka seli kwanza, kama watu waliofika mlangoni, kisha kikaingia. Kesho yake seli zilikuwa zimesinyaa, zimeachiana, zinaelea.

Profesa Naicker aliweka jicho kwenye hadubini akapiga makofi. "Tazama! Tazama zinavyoingia! Bulelwa, hizi zimeshikana kuliko zote tulizowahi..." Akaziba mdomo kwa mkono. "Nisamehe."

"Ni matokeo mazuri," nikasema. Na yalikuwa mazuri.

Saa ya chakula nilikaa kwenye ngazi za nje nikampigia MaDlomo. Hatukuwa tumezungumza tangu mazishi. Nilidhani hatapokea, akapokea.

"Wifi, ile dawa tumeijaribu."

"Kwa nani?"

"Kwa seli zake. Zile alizokatwa hospitali."

Nikasikia kuku kwao, na ndoo ikiwekwa chini.

"Ikawaje?"

"Imeziua. Karibu zote."

"Kwa hiyo ungemletea angepona."

"Sijui. Kwenye kisahani hakuna ini wala hakuna damu ya kusafiri ndani yake. Dawa tunaimwaga pale pale. Mwilini mwake huenda ingekwama njiani, na huenda ingemuua mapema. Huenda pia ingefika. Sijui, wifi. Sitaki kukudanganya kwa upande wowote."

Nilisubiri matusi. Niliyahitaji, nadhani, kama mtu anavyohitaji kunyooshwa mguu uliokufa ganzi.

"Hebu rudi nyuma," akasema taratibu. "Umesema dawa imeziua. Ina maana zilikuwa hai?"

"Zilikuwa hai. Nyingine bado ziko hai."

"Sasa hivi tunavyoongea?"

"Sasa hivi."

"Mzwanele nimemzika, na wewe unaniambia kuna kitu chake kinapumua Johannesburg?"

"Ni saratani yake. Si yeye."

"Ilitoka kwa nani? Kwa jirani?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Ndiyo maana," akasema, na sauti yake ilibadilika. "Namwota, wifi. Anasimama langoni amevaa ile nguo ya hospitali inayofungwa mgongoni. Namwambia, ingia basi, unapigwa na mvua. Ananiambia hajaruhusiwa." Akakata simu.

Baba mdogo Zwelibanzi, mdogo wa marehemu baba yetu, alinipigia wiki hiyo hiyo. Hakuuliza maswali. Alisema wanakuja kumchukua Mzwanele, nimwambie mkuu wangu wa kazi.

Walifika asubuhi kwa pikapu yake, yeye amevaa suti na kofia, wifi bado kwenye nguo zake nyeusi za ujane. Mkononi mzee alishika tawi la mti wa umphafa, lenye miiba, limefungwa kitambaa cheupe. Ndilo tunalochukulia roho ya mtu aliyefia au kubakia mbali. Askari wa mlangoni akawazuia.

"Mzee, maua hayaruhusiwi humu."

"Nani kakuambia hili ni ua? Hili ni gari," baba mdogo akamjibu. "Nimekuja kubeba abiria."

Yule askari, aliyekuwa wa kabila la Mpondo, jirani na letu, akalitazama tawi vizuri zaidi, akavua kofia, akafungua.

Profesa Naicker aliwapokea mwenyewe na kuwapa makoti meupe. Wifi akavaa. Baba mdogo akakataa. "Nikivaa nguo ya daktari hatanitambua, atakimbia." Hivyo Kealeboga akamruhusu asimame pale pale mlangoni, akisogeza tu mkono wenye tawi.

"Waambie," Profesa akaniambia, "wakitaka zote ziharibiwe, tutaziharibu leo. Za kwenye pipa pia. Ni haki yao, na mimi sitabishana."

Nikawatafsiria. Baba mdogo akamtazama wifi yangu, kumwachia yeye neno. MaDlomo akasema anataka kuziona kwanza.

Nikaweka chupa chini ya hadubini, nikamrekebishia kioo. Aliinama. Alikaa hapo muda mrefu, mikono nyuma, kama mtoto aliyeambiwa asiguse.

"Ndizo hizi?"

"Ndizo."

"Nilidhani zitakuwa nyeusi." Akatazama tena. "Mbona nzuri hivi."

Aliponyanyuka macho yalikuwa makavu kama yangu. "Zisiharibiwe," akasema. "Alizitoa mwenyewe, aliniambia kwa simu huku anacheka. Zifanye kazi. Ila yeye haajiriwi hapa. Yeye tunaondoka naye."

Nikafungua kabati. Baba mdogo akanyoosha tawi mpaka majani yakagusa rafu zenye chupa, akapaza sauti kwa majina ya sifa ya ukoo wetu, kama yuko uani kwake.

"Bhele! Khuboni! Mzwanele, mwana wa Mpumelelo! Ni sisi. Tumekuja kukuchukua. Hapa si kwenu. Kazi uliyoiacha wataimaliza wenyewe, mtoto wetu yumo. Panda, tunaondoka."

Mashine zilinguruma. Kealeboga alikuwa anajifuta uso kwa mkono wa koti karibu na sinki. Profesa ameinamisha kichwa. Mimi nilikuwa natazama kipimajoto cha kabati, kwa sababu mlango ulikuwa umekaa wazi na joto lilikuwa linashuka.

Nje ya jengo ikazuka shida. Anayebeba tawi hazungumzi na walio hai mpaka afike nyumbani. Anazungumza na abiria wake tu, anamweleza kila mahali wanapopita asije akapotea. Baba mdogo alipaswa kulibeba, lakini dereva ni yeye, na mjane haruhusiwi. Wakanitazama.

"Shika," baba mdogo akasema. "Na usikae bubu huko nyuma. Atadhani tumemsahau."

Nikashika. Miiba ilipita kwenye kitambaa.

Nilikaa kiti cha nyuma, wifi yangu kando. Kisha nikasema, "Kaka, tunatoka Johannesburg." Nikasema, "Huu ni mto Vaal, tunauvuka." Mashamba ya Free State hayaishi, nikakosa la kusema, nikasema, "Mahindi. Mahindi tena." Baba mdogo akaguna kwa kuridhika. Mjini Mangaung nikasema Mangaung. Nilikuwa kama yule anayetangaza majina ya vituo kwenye treni.

Tulipovuka mto Gariep pale Aliwal nilisema jina lake, halafu nikaendelea, sikujua kama nitaendelea.

"Kaka, friji nilikuwa na ufunguo wake. Nilikwenda siku moja baada ya nyinyi kuondoka, nikatoa kichupa, nikakishika mpaka kikapata joto la mkono. Nikakitupa, kwa sababu kikishapata joto hakifai. Nilikataa kukuletea. Ningefanya vingine, sijui ingekuwaje, na sitajua. Seli zako zimekufa vizuri, Profesa amefurahi. Mimi sijafurahi na sijahuzunika. Nimekuwa hivi tangu siku ya jando. Nakuambia tu, maana nimeambiwa nisikae kimya." Nikatazama nje. "Hapa kuna kondoo wengi. Kuna mtu anachomelea lango."

Wifi yangu alisikia kila neno. Hakuweza kunijibu, desturi haimruhusu mtu kuzungumza na mbebaji. Kisha akavuta ncha ya shali yake nyeusi, akaiviringisha kwenye kiganja changu pale miiba ilipokuwa ikinichoma, akanyoosha shingo kutazama barabara.

Tulifika jua likizama. Nikaingia zizini, nikasema, "Kaka, tumefika," nikalilaza tawi mahali nilipoonyeshwa. Watu wakaitikia kwa sauti moja. Walinipa maji, nikanywa. Shangazi mmoja aliniuliza safari ilikuwaje, na nikakuta sauti imekauka kabisa, nikamwonyesha kwa mkono tu.

Kesho yake niliamka nikiwa kwenye kitanda cha wifi yangu. Sikukumbuka nani alinivua viatu. Jua lilikuwa juu, na uani mtu alikuwa anapasua kuni.

"Wee, punguza hizo kelele!" nilimsikia MaDlomo akimkaripia. "MamBhele amelala."

"Amelala? Saa sita hii?"

"Hata ikiwa saa kumi. Hamia kule nyuma ya nyumba."

Shoka likanyamaza, kisha likaanza tena mbali kidogo. Nikafikiria chupa za Johannesburg, kwamba siku ile ni zamu ya kuzibadilishia chakula. Kealeboga atazibadilishia. Kiganja kilikuwa kimeanza kuuma pale ilipoingia miiba. Nikakiweka shavuni, nikageukia upande wa pili.